Wapokezi wa Mstari Mweupe

Kutoka Lupando hadi Chengdu ni kilomita elfu nane na mia saba. Hilo halijabadilika. Milima iko palepale, bahari iko palepale, na Uchina haijasogea hata hatua moja kuja kwetu. Zamani ndege ilikwenda kwa saa kumi na nusu. Siku hizi inakwenda kwa dakika arobaini. Kwenye ubao wa ukumbi wa abiria wameandika kwa taa za kijani, DAKIKA 40, na watu wanasimama chini yake kupiga picha.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kutoa najua. Saa kumi na nusu, toa dakika arobaini, zinabaki karibu saa kumi. Swali langu lilikuwa dogo, na niliwauliza wenye shahada zao mmoja baada ya mwingine: hizo saa kumi zimekwenda wapi?

Walicheka. Mmoja akanishika bega akasema, "Mzee Mwasandube, zimeokolewa."

Haya. Mtu akiokolewa mtoni, si analazwa mahali ukingoni? Nikawauliza ukingo uko wapi. Wakasema wana kikao.

Kazi yangu ni kuongoza ndege zikiwa chini. Nina vibao viwili vya rangi ya chungwa. Nasimama mbele ya ndege, nanyanyua mikono, inakuja. Nainamisha mmoja, inapinda. Navikutanisha juu ya kichwa, inasimama. Wakubwa wa shirika hawajawahi kusikiliza neno langu hata moja, lakini ndege zao zote zinanitii. Hilo lilinitosha kwa miaka mingi.

Mke wangu, Nsubisi, alifagia mwisho wa njia ya kurukia, kwenye mstari mweupe, kilomita mbili kutoka ninaposimama. Walimwambia kokoto moja ikiingia kwenye injini ni maafa. Kwa hiyo yeye na wenzake walifagia, ndege ikaja, wakasogea kwenye kibanda hatua kumi tu kando, ndege ikaruka, wakarudi kufagia. Na kila ndege ikiruka, gari la shirika lilileta chakula. Sahani ya wali na maharage kwa kila mtu. Ndege nane kwa zamu, sahani nane. Na walizimaliza.

Watu waligombania kazi ile, nisiseme uongo. Mwenzangu Kalinga wa mnarani alikuwa akinitania: "Mwasandube, mkeo anakula kama kikosi cha jeshi na kiuno ni kilekile. Umemtia mnyoo wa uchawi?" Nami nilicheka. Nilicheka miaka tisa.

Kisha kulikuwa na habari ya ndizi. Mtu mmoja aliegemeza mkungu mbichi kwenye uzio karibu na mstari mweupe, akausahau. Kesho yake akaukuta umeiva. Basi kijiji kizima kikahamia kwenye uzio. Wachuuzi walikuja na matoroli toka Tukuyu. Tukasema ni joto la injini, tukalishukuru shirika.

Sasa sisi ni Wanyakyusa. Ndizi tunazijua kuliko tunavyowajua wajomba zetu. Ndizi iliyoivishwa kwa moto inaiva ganda, moyo unabaki na ugumu, na ulimi unaijua gizani. Zile za uzioni ziliiva mpaka moyoni, zikiwa na utamu wa siku zao zote. Tulizionja. Ulimi ulituambia. Hatukuuliza hizo siku zimetoka wapi, kwa sababu ndizi ilikuwa tamu na soko lilikuwa zuri.

Nsubisi aliajiriwa ana miaka thelathini na minane. Alikufa ana arobaini na saba, hana jino la nyuma hata moja, kichwa cheupe kama pamba, mgongo umepinda mpaka anaona vidole vyake vya miguu kabla ya kuona uso wa mtu. Daktari wa shirika aliandika neno moja kwenye cheti: uzee. Mimi ninamzidi miaka sita. Siku ya maziko mgeni mmoja asiyetujua alinipa mkono akasema, "Pole sana kwa kufiwa na mama."

*

Mwanangu Lwitiko ni fundi wa majokofu. Mkewe, Tupokigwe, ni rubani wa ndege za mkunjo, hizohizo za dakika arobaini.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemeshani. Si ugomvi, ni heshima. Akinisikia ninakuja njiani anaingia migombani. Nikisikia yuko jikoni ninazunguka kwa nyuma. Lakini Mungu ana mizaha yake: yeye anaendesha ndege na mimi ndiye wa kuisimamisha. Tukatafuta njia. Ndege yake ikiingia navaa miwani myeusi na kutazama tairi la mbele peke yake. Naye anashusha kofia mpaka puani, anatazama vibao vyangu tu. Miaka miwili nimeiegesha ndege yake pasipo kosa la hata kiganja kimoja, bila kujua sura yake. Uwanja mzima unatucheka. Wacheke.

Baada ya kuanua matanga, Tupokigwe alikuja nyumbani akakaa nyuma ya pazia la jikoni. Lwitiko alikaa katikati, kwenye kigoda, kama karani wa mahakama.

"Mwambie baba," sauti ikasema nyuma ya pazia, "nimekuja kwa habari ya zile saa."

Lwitiko akanigeukia. "Anasema amekuja kwa—"

"Masikio ninayo. Mwambie aseme."

"Baba anasema useme."

"Nimemsikia. Mwambie haziokolewi. Mkunjo unazitoa kwenye miili ya abiria, na kitu kikitolewa lazima kimwagike. Zinamwagika nyuma ya ndege inaporuka. Pale kwenye mstari, hatua mia kila upande."

"Muulize zinamwagika juu ya nyasi?"

"Nyasi na ndizi zinapata makombo. Mkunjo haufunguki mpaka upate kitu chenye damu moto cha kupokea. Usipokipata, saa zinarudi ndani ya ndege, kila abiria anabeba zake. Anafika kwa dakika arobaini hizohizo, lakini mwili wake umeishi saa kumi nyingine. Ana njaa, kachoka, na kucha zimeota. Abiria hawapendi."

"Kwa hiyo wale wanawake—" nikaanza.

"Kwenye kitabu cha marubani wana jina. Wanaitwa wapokezi."

Lwitiko alikuwa ameacha kutafsiri. Alikuwa anatazama sakafu.

"Na ufagio?" nikauliza.

"Mashine ya kufagia iko ghalani tangu uwanja ulipofunguliwa. Haijatolewa hata nailoni."

"Muulize kwa nini wasiweke mbuzi."

"Walijaribu. Mbuzi walikimbia. Ng'ombe hawakukimbia, ila walizeeka upesi, na wenye ng'ombe wakaja kuuliza."

"Na mwanamke ukimpa sahani ya wali hakimbii, na mumewe haji kuuliza," nikasema. Hilo Lwitiko hakulipeleka popote. Halikuwa la kupelekwa.

Nikauliza kama saa zinapungua wakiwa wengi, yaani wakigawana. Akasema hapana. Ni kama mvua: mkisimama kumi uwanjani hamlowi kidogokidogo, mnalowa wote.

Kisha akanieleza habari ya gurudumu. Mbele ya rubani kuna gurudumu dogo la mgao, lina namba toka sifuri mpaka kumi. Ndilo linaloamua saa ngapi zibaki ndani na ngapi zitoke. Waliolitengeneza waliliweka ili mzigo uweze kugawanywa. Shirika limelifunga kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi, kwenye sifuri: ndani hakuna kitu, nje zote. Rubani akivunja lakiri, leseni inakwenda na yeye mwenyewe anakwenda ndani.

"Mwambie baba nimepiga hesabu," sauti ikasema, na sasa ilikuwa chini. "Ndege nane kwa zamu ni saa themanini. Siku mia tatu kwa mwaka. Miaka tisa. Mama alibebeshwa miaka ishirini na minne isiyo yake."

Kisha akaongeza:

"Na mwambie kwamba miaka hii miwili ya mwisho, ndege tatu katika hizo nane zilikuwa zangu. Kitabu kile hupewa rubani mkuu peke yake. Nimepandishwa cheo wiki tuliyomzika. Nimekisoma baada ya maziko."

Nilitazama lile pazia. Nsubisi alilishona mwenyewe, maua mekundu, pindo moja limekwenda upogo na hakulirekebisha. Nyuma yake mtu alikuwa analia bila sauti. Pazia lilikuwa linatikisika. Alitaka neno kutoka kwangu.

"Mwambie ale," nikasema. "Chakula kipo."

"Baba anasema ule," Lwitiko akasema.



*

Nilikwenda kwa Mkurugenzi Kihampa. Sikuomba nafasi, nilikaa mlangoni na vibao vyangu mpaka akachoka kunipita.

Nataka niseme haki: hakukana. Alifunga mlango, akanipa kiti, akaniita mzee wangu.

"Abiria mia mbili na ishirini," akasema. "Kila mmoja saa kumi. Safari moja tu inawarudishia watu saa elfu mbili na mia mbili. Daktari anamfikia mgonjwa, mtoto anamwahi mzazi wake kabla hajakata roho. Parachichi zetu ziko mezani Uchina zingali na umande. Upande wa pili wa mizani unaniwekea wafagiaji wachache, tena wanaokula vizuri kuliko walivyowahi kula."

"Uliwauliza?"

"Kuwauliza nini?"

"Kama wanazitaka."

"Mzee wangu, saa kumi kitu gani? Mtu analala, anaamka, zimepita. Hazina madhara. Mimi mwenyewe ningeweza kukaa pale."

"Kaa."

Akatazama saa yake ya mkononi. Hilo nililipenda, kwa kweli, kwamba katika watu wote ni yeye aliyetazama saa.

"Jumatatu tunazindua ratiba mpya," akasema akisimama. "Ndege kumi na sita kwa zamu. Tumeajiri wanawake kumi na wawili wapya. Nami nitakuwa kwenye ndege ya kwanza, na waheshimiwa. Njoo uiongoze wewe. Itapendeza."

Ndege kumi na sita. Nilipiga hesabu nikishuka ngazi. Msichana akianza kazi Jumatatu, mpaka Jumatatu nyingine amebeba zaidi ya mwezi.

Mpango wangu ulikuwa tayari kabla sijafika chini. Pale mstarini pakiwa patupu, saa zinarudi ndani. Ningepafanya patupu. Kihampa angefika Chengdu na saa zake kumi, na waheshimiwa wake, wote wana njaa na ndevu. Nililala vizuri usiku ule, mara ya kwanza tangu matanga.

*

Jumatatu asubuhi nilipanda pikipiki ya uwanja mpaka mstarini. Wale wanawake kumi na wawili wapya walikuwa kwenye kibanda, wa zamani wakiwa zamu ya jioni: sare mpya, mifagio mipya, wanacheka. Aliyekuwa mbele yao aliitwa Subilaga, wa miaka ishirini na sita hivi, mtoto wa wachuuzi wa ndizi.

"Shikamoo baba. Umekuja kutukagua?"

"Marahaba. Nimekuja kuwaondoa."

Wakacheka tena, lakini kidogo.

"Wee baba," mmoja nyuma akasema, "mkeo kala sahani nane miaka tisa. Sisi hatujagusa hata kijiko unatutoa?"

"Ndiyo maana nawatoa. Hamjagusa."

Ningeweza kuwaeleza habari ya mkunjo na gurudumu, na wangeniona mzee aliyefiwa na akili zimemruka. Nilikwenda uzioni, nikachuma ndizi moja kwenye mkungu uliokuwa umeegemezwa pale.

"Huu mkungu ni wa nani?"

"Wetu," Subilaga akasema. "Mama kauleta jana asubuhi."

"Ulikuwaje?"

"Mbichi kabisa. Wa kupika."

"Onja."

Akamenya, akang'ata. Wenzake walimtazama.

"Imeiva kwa moto?"

Akatafuna polepole. Nilimwona anavyoacha kutabasamu. Mtoto wa ndizi hawezi kumdanganya ulimi wake mbele ya watoto wengine wa ndizi.

"Hapana," akasema. "Imeiva kwa siku."

"Siku ngapi?"

Akampa mwenzake, naye akaonja, naye akampa mwingine. "Nne," akasema huyo. "Nne au tano."

"Imekaa hapa tangu jana. Sasa niambieni hizo nyingine zimetoka wapi. Na mke wangu alikuwa amesimama wapi zilipokuwa zinakuja."

Walimfahamu Nsubisi wote. Walimwita bibi.

Subilaga aliulaza ufagio wake chini, taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Tunakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka uone ndizi ambazo bado ni mbichi."

Wakaenda. Nami nikapanda pikipiki nikasogea hatua mia mbili. Mstari ulibaki na kibanda kitupu na mifagio kumi na miwili, na sufuria ya wali inatoa mvuke.

Ndege ikaja. Ilikuwa ya Tupokigwe. Nikavaa miwani myeusi. Ilifika mstarini ikasimama, injini zikinguruma, na haikuruka.

Redio yangu ikaita. Ilikuwa sauti ya msaidizi wake, kijana mmoja anaitwa Fungo. "Mzee, mtambo unasema hakuna mpokezi."

"Unasema kweli."

"Rubani amenieleza maana yake: tukiruka hivi, zote zinarudi ndani."

"Ndivyo ninavyofahamu."

Kukawa na mkwaruzo, kisha nikasikia sauti ninayoijua. Kihampa alikuwa ameingia chumba cha marubani. "Mwasandube, rudisha wale wanawake mara moja."

"Hazina madhara, Mkurugenzi. Mtu analala, anaamka."

Nikiri: nilifurahi. Nilisimama pale juani nikaona raha mpaka kwenye magoti.

Ndipo Fungo akarudi hewani. "Mzee, sikiliza. Nyuma kuna mgonjwa. Mwalimu wa shule ya msingi huku Busokelo, anaitwa Egla. Ini lake limekufa, yuko kwenye mashine, wanamsubiri Chengdu. Daktari wake yuko hapa anasema mashine ina chaji ya saa saba na nusu. Saa kumi hatoboi."

Raha ikaondoka magotini.

Nilitazama wale wanawake kule mbali, wamesimama pembeni ya migomba, wananitazama. Ningewapungia mkono wangerudi. Nilikuwa nimeshaona kwamba wananiamini. Mwalimu angepona. Na Jumatatu nyingine ingekuwa hivyohivyo, kwa sababu kila ndege ina mgonjwa wake. Hapo ndipo wenye mamlaka wanapokufunga: wanaweka mtu mmoja wa kweli mbele ya uongo wao, ili ukiupiga uongo umpige yeye. Na ningekaa kimya nisiwaite, Mwalimu Egla angekufa katikati ya njia kwa hesabu yangu mimi, sio ya Kihampa. Ningekuwa nimemmwagia mtu saa bila kumuuliza. Hiyo kazi ilikuwa na wenyewe tayari.

Niliwasha pikipiki. Nikaenda mpaka mstarini, nikatoa kigoda cha Nsubisi kibandani, kile alichokuwa akikalia kati ya ndege na ndege. Nikakiweka kwenye ncha ya mstari mweupe, nje kidogo ya bawa, nikakaa, nimeupa mgongo upande wa ndege kwa heshima.

"Fungo," nikasema, "mpokezi amepatikana. Rukeni."

Injini zilinguruma, hazikupanda. Robo saa ikapita. Kihampa alikuwa anasema kitu, kisha sauti yake ikakatwa, kama mlango umefungwa.

Ndipo redio ikasema, "Tata."

Tata kwetu ni baba, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia ikinielekea. Nyuma ya pazia ilikuwa inapita kwa Lwitiko. Sasa haikuwa na mtu wa kupitia.

"Tata, unisamehe kwa kukusemesha. Siwezi. Mkamwana hapiti hata juu ya mkeka wa baba mkwe wake. Nitakumwagiaje saa kumi kichwani?"

Sikujua kama desturi inaruhusu kujibu. Nilijibu hewa iliyokuwa mbele yangu. "Mgonjwa hatoboi. Na mimi nimekaa mwenyewe."

"Nimemuuliza daktari. Sita anatoboa. Nimemuuliza na mwalimu; amefumbua macho, amesema sita sawa. Nimewauliza abiria kwenye kipaza sauti. Wengi wamesema sawa. Waliokataa wameshuka, ngazi iko nyuma, wanarudi kwa basi. Mkurugenzi amekataa lakini hajashuka, waheshimiwa wanamtazama. Sita tutabeba sisi. Zinabaki nne. Lakiri nimeshavunja. Sasa nakuuliza wewe, Tata. Nne, unakubali?"

Miaka tisa Nsubisi alikaa kwenye kigoda hiki, na hakuna mtu, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja, aliyewahi kumuuliza hivyo.

Nilisimama. Sikugeuka. Nilinyanyua vibao vyangu juu, nikavitanua nje, pande zote mbili, ile ishara ya mwisho ambayo kila rubani anaijua duniani: njia ni yako. Kisha nikakaa.

Ikaruka.

Sitawadanganya kwamba nilisikia kitu. Hilo ndilo linalotisha. Upepo ulinipiga mgongoni, ndege ikapita kando yangu, na jua lilikuwa palepale. Ila nilikuwa na njaa ya mtu aliyeruka mlo wa mchana, kibofu kimejaa, na nilipopitisha kiganja kidevuni, nilipokuwa nimenyoa asubuhi, palikuwa na mkwaruzo. Saa nne. Nilizipima mwilini mwangu moja moja. Nilikuwa ninazijua, zilikuwa zangu, nilizitwaa mwenyewe.

Subilaga alikuja mbio na sahani ya wali. Nikamwambia aimwage. Akaniletea ndizi ya kuchoma toka kwao.

Baada ya kama saa moja Kalinga aliniita toka mnarani. "Mwasandube, Chengdu wamepiga. Mwalimu yuko hai, wanampeleka chumba cha upasuaji. Abiria wameshuka wanagombania vyoo. Na Mkurugenzi anauliza ni nani aliyemwibia saa sita."

"Mwambie hajaibiwa. Kabeba mzigo wake, mpaka mlangoni kwake."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Ndege ilirudi mchana, tupu, marubani peke yao. Walirudi na zote kumi ndani, maana pale Chengdu Tupokigwe aliuliza nani anazitaka na wapokezi wa kule, walipoelewa swali, walikataa. Nilivaa miwani myeusi. Nikamwingiza: mkono wa kushoto, wa kulia, taratibu, simama. Tairi la mbele lilikanyaga alama katikati. Askari wawili walikuwa wanangoja chini ya ngazi na karatasi yao ya kumkamata.

Lwitiko alikuwa amesimama kando yangu na kikapu. Nilisikia hatua za mkewe zikishuka ngazi, nzito, hatua za mtu mwenye saa kumi na sita mwilini tangu asubuhi. Nikageuzia uso upande wa migomba.

"Mwambie mkeo ale kwanza," nikasema. "Askari watasubiri. Saa kumi na sita si mchezo."

Askari wakatazamana, wakasubiri. Hata askari ana mama.

Kikapu kilifunguliwa. Kisha sauti ikasema, imechoka, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kicheko: "Mwambie baba naye ale. Nne nazo si mchezo."

Lwitiko akanigeukia, akafumbua mdomo.

"Nimemsikia," nikasema, na nikakaa chini, mgongo wangu kwao, nikala.